Kinu Kisichohitaji Mgongo wa Mtu

Katika vinu vya unga vya Marekani ya karne ya 18 palikuwa na mtoto aliyefanya kazi juu kabisa, darini, mkononi ameshika reki. Unga uliotoka kwenye mawe ya kusagia ulimfikia ukiwa wa moto na wenye unyevu. Yeye aliutandaza sakafuni, akaugeuzageuza mpaka upoe na kukauka, kisha akauvuta kidogo kidogo hadi kwenye tundu la kuuteremshia kwenye chekeche. Akichelewa, chekeche lilikaa bila kazi. Akiharakisha, unga wenye unyevu uliziba kitambaa cha hariri cha chekeche, na ule uliofanikiwa kupita ulichachuka ndani ya pipa kabla ya kufika sokoni. Kutwa alikuwa akitembea juu ya chakula cha watu kwa miguu yake.

Kazi yake ilikuwa na jina lake kwa Kiingereza, na jina hilo baadaye likapewa mashine. Aliyeiunda mashine hiyo, pamoja na nyingine nne zilizokwenda nayo, ni Oliver Evans, mzaliwa wa Newport katika jimbo la Delaware. Anayetaka kujua ni lini mzigo ulianza kusafiri wenyewe ndani ya jengo, kutoka mlango wa kuingilia hadi mlango wa kutokea, pasipo mtu kuubeba, sharti aanze na fundi huyu.

Evans alizaliwa tarehe 13 Septemba 1755. Baba yake, Charles, alijua kushona viatu lakini aliishi kwa kilimo. Kijana alipofikisha miaka 16 alipelekwa kwa fundi wa magurudumu na mikokoteni akajifunze kazi. Kitu kimoja cha siku zile hakikumtoka kichwani maisha yake yote. Ndugu yake mmoja alimhadithia jinsi vijana wa mhunzi walivyojaza maji kidogo ndani ya mtutu wa bunduki, wakauziba kwa nguvu, kisha wakaweka kitako chake motoni, na mtutu ukalia kama uliotiwa baruti. Wengine waliuona mchezo. Evans aliona nguvu ya mvuke, na fikra hiyo tutakutana nayo tena mbele.

Kabla ya hapo alijaribu kitu kidogo zaidi. Wafumaji wa sufu walitumia vibao vyenye meno ya waya kuchambulia nyuzi, na meno hayo yalikunjwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Evans alitengeneza mashine ya kuyakata na kuyakunja kwa kasi ambayo mikono ya watu isingeweza kuifikia. Hakupata faida ya maana. Wengine waliichukua fikra hiyo wakaifanyia biashara, na majeraha ya tukio hilo yanaonekana katika kila kesi aliyofungua baadaye. Mtu aliyenyang'anywa mara moja hushika kwa mikono miwili anachokipata mara ya pili.

Sasa tuingie ndani ya kinu chenyewe, kwa sababu bila kuona kilivyofanya kazi zamani hatuwezi kuelewa alichobadilisha. Mkulima alileta ngano kwa mkokoteni au kwa mashua. Mtu alibeba gunia mgongoni akapanda nalo ngazi, au lilipandishwa kwa kamba. Ngano ikasafishwa, ikamiminwa kwenye mdomo wa mawe. Jiwe la chini limetulia, la juu linazunguka, na punje zinasagika katikati yake. Unga mzito wenye wishwa ukaangukia kwenye hori. Hapo akaja mtu mwingine na beleshi, akaujaza kwenye mapipa ya wazi, ukapandishwa tena juu kabisa kwa yule mtoto mwenye reki. Kutoka darini ukateremka kwenye chekeche, wishwa ikaenda upande wake na unga mweupe upande wake. Mara nyingi sehemu isiyosagika vizuri ilirudishwa kwenye mawe, na safari ya ngazi ikaanza upya. Mwisho unga ulishindiliwa kwenye mapipa ya kuuzia.

Gurudumu la maji nje ya kinu lilikuwa na nguvu ya kuzungusha jiwe zito usiku na mchana. Lakini kati ya hatua moja na nyingine nguvu hiyo haikusaidia kitu. Maji yalisaga, binadamu akabeba. Tena kila alipobeba alimwaga kidogo, akachanganya na vumbi la viatu vyake, na aliyenunua unga ule alikula uchafu wa ngazi nzima.

Evans alianza kulifikiria jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1780. Yeye na ndugu zake walipata mahali kwenye kijito cha Red Clay, si mbali na Wilmington, na kufikia mwaka 1785 kinu chao kilikuwa kinafanya kazi kwa namna ambayo haijapata kuonekana.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya kupandisha. Ni mkanda wa ngozi usio na mwanzo wala mwisho, uliozungushwa kwenye magurudumu mawili, moja chini na moja juu, ndani ya mabomba mawili ya mbao yaliyosimama wima. Kwenye mkanda vilifungwa vindoo vidogo. Kila kindoo kilichota nafaka chini, kikapanda nayo, na kilipopinduka juu kikaimwaga na kurudi chini kikiwa kitupu. Kimoja kilibeba kiasi kidogo sana, lakini vilifuatana bila kukoma, na huo wingi wa kidogo kidogo ndio uliomshinda mbebaji wa gunia.

Ya pili ilikuwa ya kusukuma mzigo kwa upande. Evans alichukua mti wenye pembe nane, akaupigilia vibao vidogo kwa mpangilio wa kuzunguka kama uzi wa parafujo, akaulaza ndani ya hori. Mti ulipozunguka, vibao viliusukuma unga mbele, na wakati uleule vikaukoroga na kuanza kuupoza. Ya tatu ilikuwa mkanda wenye vibao vilivyokokota nafaka kwenye hori pale ambapo hakukuwa na haja ya kuipandisha. Ya nne ilikuwa mkanda mpana uliolazwa kwa mteremko, ambao uliweza kusukumwa na uzito wa unga wenyewe unaoshuka. Hizi mbili tuzipite upesi, kwa kuwa hata Evans hakuzitegemea sana.

Ya tano ndiyo iliyochukua jina la mtoto. Darini ulisimamishwa mti wima unaozunguka taratibu, na chini yake ukafungwa mkono mrefu wa mbao wenye vibao vidogo vilivyoinamishwa kwa pembe maalumu. Unga ulipoangukia ukingoni, vibao viliutandaza, vikaugeuza, na kwa kila mzunguko vikausogeza kidogo kuelekea katikati, ambako palikuwa na tundu la kwenda kwenye chekeche. Ulipofika tundu umepoa na umekauka. Mashine haikuchoka wala kuharakisha, na haikuvaa viatu.

Vitu vyote hivi vilizungushwa na gurudumu lilelile la maji. Punje iliyoingia mlangoni haikuguswa tena na mkono wa mtu mpaka ilipokuwa unga tayari kwa pipa. Evans alidai kwamba nguvukazi ya kinu ilipungua kwa nusu, na kazi kubwa iliyobaki ilikuwa ya kufunga mapipa.

Msomaji ataona kwamba hakuna kifaa kimoja hapo ambacho ni cha ajabu. Vindoo kwenye mnyororo viliteka maji Misri tangu zama za kale. Parafujo ya kusukuma maji inahusishwa na Archimedes. Jipya lilikuwa kuviunga vyote vikawa njia moja, kila kifaa kikimkabidhi mwenzake kwa kasi inayolingana, kazi ya hatua hii isiizidi wala kuisubiri kazi ya hatua ijayo. Mwanahistoria Siegfried Giedion, katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, alikihesabu kinu hiki kuwa mwanzo wa uzalishaji wa mfululizo ambao watu wengi hudhani ulianzia kwenye viwanda vya magari vya karne ya 20. Naafikiana naye kabisa. Lakini ni uvumbuzi wa aina hii, ambao ukiulizwa uko wapi unaonyesha mpangilio na si kitu, uliomletea Evans taabu ya miaka 30.

Taabu ilianza kwa majirani. Karibu na Wilmington, kwenye mto Brandywine, kulikuwa na vinu maarufu kuliko vyote nchini, na wenye vinu wa hapo walikuwa watu wa heshima na mali. Masimulizi ya zamani yanasema ujumbe wao ulikwenda Red Clay kujionea. Walikikuta kinu kinasaga, kinapandisha, kinachekecha, na ndani hamna mtu. Evans alikuwa shambani akishughulika na majani makavu. Alikuwa ameyapanga makusudi hayo, akitumaini kwamba kinu kitajieleza chenyewe. Wageni walitazama, wakarudi kwao, wakatangaza kwamba ni makorokoro yanayopiga kelele, hayamstahili mtu mwenye akili timamu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu waliojua kusaga kuliko wote ndio waliokuwa wa mwisho kuona. Nadhani jibu liko katika ustadi wao. Mwenye kinu hodari alikuwa akiusugua unga kati ya kidole gumba na vidole vingine ajue kama mawe yako karibu mno au mbali mno, na kila mara unga ulipopita mikononi mwa watu wake palikuwa na nafasi ya kurekebisha kosa. Kinu kisichogusa unga kilionekana kwake kama nyumba isiyo na mwangalizi.

Evans alimtuma ndugu yake Joseph apite majimboni kuwatangazia wenye vinu kwamba wa kwanza katika kila wilaya atapewa haki ya kutumia mashine hizi bure. Joseph alizunguka, akarudi bila hata mmoja aliyekubali. Waliofungua njia ni akina Ellicott, waliokuwa na vinu kwenye mto Patapsco karibu na Baltimore. Hawa walizifunga mashine, wakapata faida, na habari zikasambaa kwa njia ambayo maneno ya Joseph hayakuweza. Baada ya hapo hata wa Brandywine, mmoja mmoja, wakaanza kukata matundu kwenye sakafu zao ili kupitisha mabomba ya vindoo.

Wakati huo Marekani haikuwa na sheria moja ya hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake. Mwaka 1787 mabunge ya Delaware, Pennsylvania na Maryland yalimpa Evans haki juu ya mashine za kinu. Alikuwa ameomba pia haki ya magari ya mvuke, kwa maana ule mtutu wa bunduki ulikuwa bado unalia kichwani mwake. Pennsylvania haikumpa hilo. Maryland ilimpa.

Sheria ya nchi nzima ilipitishwa Aprili 1790. Maombi yalichunguzwa na watu watatu ambao leo hatuwezi kuwawazia wakikaa kujadili vindoo vya unga: Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, Henry Knox, Waziri wa Vita, na Edmund Randolph, Mwanasheria Mkuu. Rais mwenyewe, George Washington, alitia saini. Mwaka huo zilitolewa hataza tatu tu. Ya kwanza ilikuwa ya Samuel Hopkins juu ya kutengeneza magadi ya majivu, ya pili ya kutengeneza mishumaa. Ya tatu, tarehe 18 Desemba 1790, ilikuwa ya Oliver Evans kwa kutengeneza unga, na muda wake ulikuwa miaka 14.

Washington hakuishia kwenye saini. Kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia, alikuwa na kinu kikubwa cha mawe alichokijenga mwaka 1771, na mwaka 1791 alikifungia mashine za Evans. Unga wa daraja la kwanza uliotoka humo uliuzwa hadi visiwa vya Karibi na Ulaya. Ni haki kusema hapa jambo ambalo hadithi za uvumbuzi huliruka. Waliokuwa wakifanya kazi Mount Vernon, mashambani, kinuni na kwenye karakana ya mapipa, walikuwa watumwa wa Washington. Mashine iliwapunguzia mzigo wa ngazi, haikuwapunguzia utumwa.

Mwaka 1795 Evans alichapisha kitabu cha mwongozo kwa mafundi na wenye vinu, kikiwa na michoro ya mashine zake na majedwali ya nguvu za maji, na sehemu yake moja ikiandikwa na Thomas Ellicott. Gharama za kukichapisha zilimtesa, lakini kitabu kiliendelea kutolewa mpaka mwaka 1860, toleo la 15. Vizazi viwili vya mafundi walijenga vinu huku kitabu hicho kikiwa wazi mezani.

Habari ya mvuke ni ndefu na inahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba Evans alihamia Philadelphia, akaunda injini ya mvuke wa shinikizo kubwa, akapata hataza yake mwaka 1804. Mwaka 1805 aliitengenezea bodi ya afya ya jiji hilo chombo cha kuzoa matope gatini. Kiliendeshwa kwa mvuke barabarani hadi mtoni Schuylkill, na watu walilipa senti 25 kukitazama. Kiwanda chake cha injini kiliitwa Mars Works.

Turudi kwenye unga, kwa sababu hapo ndipo kulipokuwa na fedha na ugomvi. Muda wa hataza ulikwisha mwanzoni mwa 1805. Evans aliliomba Bunge limwongezee muda, akisema miaka ya kwanza yote ilipotea kwa kuwabembeleza watu wasiotaka kusikia. Bunge halikukubali. Wenye vinu wakaanza kufunga mashine bila kulipa chochote, na kwa hesabu yao walikuwa na haki. Kisha mwaka 1807 mahakama moja ya Pennsylvania iliamua kwamba hata ile hataza ya 1790 ilikuwa na kasoro katika maandishi yake. Evans alirudi Bungeni, na safari hii akasikilizwa. Sheria maalumu ya kumfidia Oliver Evans, yeye peke yake kwa jina, ilipitishwa Januari 1808 na kutiwa saini na Rais Jefferson. Ilimpa miaka 14 mingine.

Hapo Evans alifanya kosa. Alipandisha ada yake, akatuma mawakala kuidai, na aliyekataa alishtakiwa. Mtu aliyejenga kinu mwaka 1806, wakati hakuna hataza yoyote inayomzuia, aliamka mwaka 1808 akaambiwa ana deni. Sioni namna ya kumtetea kikamilifu. Alistahili malipo, lakini aliwatoza walioamini sheria kwa kipindi ambacho sheria ilikuwa upande wao, na kwa njia hiyo aliwageuza watu waliokuwa wakinufaika naye kuwa maadui zake.

Mwaka 1809, baada ya kusikia mahakamani maneno yaliyoona hataza kama mzigo juu ya haki za umma, alirudi nyumbani akiwa amekasirika kupita kiasi. Mbele ya familia yake alikusanya michoro na maelezo ya uvumbuzi aliokuwa ameuandika kwa miaka mingi, akauchoma moto. Hapa ndipo ninapomsikitikia kuliko mahali pengine popote. Hatutajua kamwe kilichoungua.

Wenye vinu wa Baltimore walimwandikia Jefferson, ambaye sasa alikuwa amestaafu, wakamwuliza anaionaje hataza ya Evans. Jibu lake kwa Isaac McPherson, la tarehe 13 Agosti 1813, limekuwa moja ya barua zinazotajwa sana na wanasheria wa hakimiliki duniani. Jefferson alieleza kwamba mnyororo wa vindoo ulijulikana tangu kale, na kwamba kuutumia kwa unga badala ya maji hakuufanyi kuwa kitu kipya. Kisha akapanua hoja: wazo, alisema, ni kama mwanga wa mshumaa, anayewasha wake kwa mwali wangu hanipunguzii mwanga wangu. Kwa asili mawazo hayana mwenyewe. Hataza ni zawadi ambayo jamii inaamua kuitoa kwa faida yake, na inaweza kuipima.

Mtu huyohuyo alikuwa na kinu chake, alikuwa amefunga mashine za Evans, na Evans alipodai ada aliilipa. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakulipa kwa kuona sheria inamlazimisha, alilipa kwa hiari kumheshimu fundi ambaye kipaji chake kilikuwa daima kazini kwa manufaa ya watu. Ukizisoma hoja zake na risiti yake pamoja utaona ugumu wa jambo hili ulivyomgawa hata yeye.

Mahakama ya Juu ililipokea suala hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1815, katika kesi ya Evans na Jordan, uamuzi ulioandikwa na Jaji Bushrod Washington, mpwa wa rais wa kwanza, ulimpa Evans ushindi: aliyefunga mashine katika ile miaka mitupu hakudaiwa kwa miaka hiyo, lakini akiendelea kuzitumia baada ya hataza mpya alipaswa kulipa. Mwaka 1818, katika kesi ya Evans na Eaton, Jaji Mkuu John Marshall aliirudisha kesi isikilizwe upya, na Evans akapata matumaini tena.

Hakuishi kuona mwisho wake. Aprili 1819 alikuwa New York, mgonjwa, alipoletewa habari kwamba Mars Works imeteketea kwa moto tarehe 11. Alifariki tarehe 15 mwezi huohuo, akiwa na miaka 63.

Hukumu ya mwisho ilitoka mwaka 1822, ikaandikwa na Jaji Joseph Story. Ushahidi ulionyesha kwamba fundi mwingine wa Pennsylvania, aliyeitwa Stouffer, alikuwa na mashine ya kupozea unga kabla ya Evans. Ilikuwa duni zaidi, lakini ilikuwepo. Kama Evans aliiboresha, basi hati yake ilipaswa kusema wazi cha zamani ni kipi na alichoongeza yeye ni kipi, na haikusema. Kwa sababu hiyo hataza ilianguka kuhusu mashine hiyo. Mashine iliyochukua jina la mtoto wa darini ndiyo iliyomshinda mwenyewe mahakamani. Kanuni ya kwamba mvumbuzi lazima aweke mpaka kati ya kipya chake na cha watu waliomtangulia ilipata nguvu katika hukumu hiyo, na hadi leo kila anayeomba hataza huandika madai yake kwa kuifuata.

Kufikia hapa vindoo vilikuwa bado ndani ya kinu. Aliyevitoa ni mfanyabiashara Joseph Dart wa Buffalo, kwenye Ziwa Erie. Tangu mfereji wa Erie ufunguliwe mwaka 1825, ngano ya magharibi ilifika Buffalo kwa merikebu za ziwani, ikahamishiwa kwenye mashua za mfereji kwenda New York. Makuli, wengi wao wahamiaji wa Kiayalandi, waliitoa ndani ya merikebu kwa mapipa na kuibeba mabegani. Mvua ikinyesha kazi ilisimama, na merikebu zilipanga foleni kwa siku nyingi.

Mwaka 1842 Dart, akisaidiwa na fundi Robert Dunbar, alijenga ghala la mbao lenye uwezo wa busheli 55,000. Busheli moja ni karibu madebe mawili. Mle ndani aliweka mkanda wenye vindoo unaoendeshwa kwa mvuke, na hakuficha alikoutoa: alisema ni wa Oliver Evans. Mguu wa mbao wenye mkanda huo uliteremshwa hadi ndani ya merikebu, ukachota ngano na kuipandisha juu ya ghala, ikapimwa na kumwagwa kwenye vyumba vyake. Mfanyabiashara mwenzake alimwonea huruma, akamwonya kwamba hakuna mashine ya kupandishia iliyo rahisi kuliko mgongo wa Mwayalandi. Muda si mrefu mtambo ulipandisha busheli 1,000 kwa saa. Merikebu iitwayo John B. Skinner iliingia mchana na busheli 4,000, ikapakuliwa, ikaondoka jioni ileile kwenda Milan, Ohio, ikarudi na shehena ya pili na kuipakua pia. Ilipokuwa ikitoka bandarini mara hii, merikebu zilizoingia pamoja nayo safari ya kwanza ndiyo kwanza zilikuwa zimemaliza kupakuliwa kwa mabega.

Makuli wa Buffalo hawakuulizwa, kama yule mtoto wa darini hakuulizwa. Nalisema hili bila kuipunguzia mashine sifa yake. Kubeba magunia kutwa kuliharibu migongo ya watu, lakini ndiko kulikowalisha, na anayehesabu faida ya busheli 1,000 kwa saa na avihesabu vyote viwili.

Meli ya ngano inapofunga gati Mombasa leo, nafaka hutolewa tumboni mwake kwa mashine na kusafiri juu ya mikanda hadi kwenye maghala marefu ya bandarini. Ukiingia kiwanda chochote kikubwa cha unga, Nairobi au Dar es Salaam, utakuta bomba lililosimama wima, na ndani yake vindoo vinavyopanda vimejaa na kushuka vitupu. Mkanda si wa ngozi tena na vindoo ni vya chuma au plastiki, lakini mpangilio ni uleule wa Red Clay.

Kinu cha Mount Vernon kilijengwa upya katika miaka ya 1930, kikafungwa mashine za aina ya Evans zilizotolewa kwenye kinu cha zamani cha Front Royal, Virginia, na kinasaga hadi sasa. Evans mwenyewe alizikwa katika makaburi ya kanisa moja la Manhattan. Kanisa liliuzwa, mabaki ya waliozikwa yakahamishwa zaidi ya mara moja, na sasa amelala katika kaburi la pamoja kwenye makaburi ya Trinity, New York. Halina jiwe lenye jina lake.